Hans Burgkmair wa Augsburg na picha zake za chapa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mtu na mji wake

1. Hans Burgkmair alikuwa nani?

Hans Burgkmair alikuwa mchoraji na mbunifu wa picha za chapa. Alizaliwa mwaka 1473 katika mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, na akafariki mjini humo mwaka 1531. Baba yake, Thoman Burgkmair, alikuwa mchoraji, na mwanawe, aliyeitwa Hans vilevile, akaifuata kazi hiyohiyo. Ndiyo maana vitabu humwita huyu tunayemzungumzia Hans Burgkmair Mkubwa. Alichora picha za makanisani na za watu mashuhuri, lakini kilicholidumisha jina lake ni mamia ya picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, ambazo zilisambaa mbali kuliko picha yoyote iliyotundikwa ukutani.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kumjua. Mfululizo wake wa mwaka 1508 kuhusu watu wa Afrika na Bara Hindi ulitokana na safari ya merikebu zilezile zilizoipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Jambo hilo limeelezwa katika swali la 9 hadi la 12.

2. Augsburg ulikuwa mji wa namna gani hata ukazaa mchapaji kama huyu?

Ulikuwa mji wa biashara kabla ya kuwa mji wa kitu kingine chochote. Familia za Fugger na Welser zilikuwa na maskani yao hapo, zikifanya biashara ya fedha, shaba, nguo na viungo, na kuwakopesha wafalme. Kaizari Maximilian wa Kwanza wa Dola Takatifu ya Kirumi aliupenda mji huo na alikuwa na madeni humo, na mambo hayo mawili yalimrudisha Augsburg mara nyingi.

Mji ulikuwa pia na wapiga chapa wazuri. Aliyekuwa muhimu kwa Burgkmair ni Erhard Ratdolt, mzaliwa wa Augsburg aliyefanya kazi Venice kwa muongo mzima hadi mwaka 1486, kisha akarudi nyumbani na ufundi wa kuchapa kwa wino wa rangi na hata kwa dhahabu. Mwingine ni Konrad Peutinger, karani wa mji na mwanazuoni, ambaye kwa upande mmoja alikuwa mshauri wa Kaizari na kwa upande mwingine alikuwa mkwe wa Welser, kwa kuwa mkewe, Margarete, alitoka katika familia hiyo. Kazi nyingi kubwa za Burgkmair zilipitia mikononi mwa Peutinger, na bila yeye sidhani kama tungekuwa na nusu ya tunayoyaeleza hapa.

3. Alijifunza kwa nani?

Kwanza kwa baba yake. Kisha, kati ya mwaka 1488 na 1490 hivi, alikwenda Colmar, katika eneo la Alsace, kwa Martin Schongauer, aliyekuwa bingwa wa picha zinazochongwa kwenye bamba la shaba. Inashangaza kidogo kwamba mwanafunzi wa bingwa wa shaba aliacha shaba na kushika mbao, lakini alichokichukua Colmar kilikuwa kikubwa kuliko chombo: namna ya kulijenga umbo la mwili kwa mistari inayofuata mviringo wake.

Aliporudi Augsburg alimchorea Ratdolt picha za vitabu vya ibada, na mwaka 1498 akapokewa kama fundi kamili katika chama cha wachoraji cha mji. Ni kwa Ratdolt, kwa maoni yangu, ndipo mbegu ya majaribio yake ya rangi ilipopandwa (tazama swali la 7).

4. Je, tunajua sura yake?

Ndiyo. Mwaka 1529 mchoraji Lukas Furtenagel alimchora pamoja na mkewe, Anna, na picha hiyo iko katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Vienna, Kunsthistorisches Museum. Maandishi yaliyomo yanasema mume ana miaka 56 na mke 52. Anna ameshika kioo cha duara, na ndani ya kioo hazionekani sura zao bali mafuvu mawili. Kwa muda mrefu watu walidhani Burgkmair ndiye aliyeichora mwenyewe.

## Ufundi wa chapa

5. Picha ya chapa ya mbao hutengenezwaje?

Huchukuliwa kibao kilichopasuliwa kufuata nyuzi za mti, kikakaushwa na kusawazishwa. Mti uliopendwa Ujerumani ulikuwa mpeasi, kwa sababu nyuzi zake ni ndogo na zimeshikana. Mchoro huwekwa juu ya kibao kwa kalamu na wino. Kisha mchongaji hupita na kisu pande zote mbili za kila mstari, na kwa patasi huondoa mbao yote isiyo na mstari, hata mistari ibaki imeinuka kama herufi za mhuri. Wino hupakwa juu ya mistari iliyoinuka, karatasi hulazwa, na mtambo hukandamiza.

Mambo mawili hufuata kutokana na utaratibu huo. Picha hutoka kinyumenyume, kwa hiyo mchoraji anayetaka mpanda farasi aelekee kulia sharti amchore kwenye kibao akielekea kushoto, na maandishi nayo yachongwe yakiwa yamegeuzwa. Pia, kwa kuwa mistari imeinuka kama herufi za risasi, kibao huweza kufungwa pamoja na maandishi katika fremu moja na kuchapwa kwa mpigo mmoja. Bamba la shaba haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu wino wake hukaa ndani ya mfereji na huhitaji mtambo mwingine. Ndiyo maana vitabu vya wakati ule vilijaa picha za mbao.

6. Je, Burgkmair alichonga vibao vyake mwenyewe?

Kwa kawaida, hapana. Alichora, na wachongaji waliobobea wakachonga. Hilo halikuhesabiwa kuwa udhaifu, kwa maana kazi ziligawanywa kwa taratibu za vyama vya mafundi, na mchongaji mzuri alikuwa bidhaa adimu.

Aliyekuwa adimu kuliko wote ni Jost de Negker, fundi kutoka Antwerp aliyehamia Augsburg karibu na mwaka 1508. Mwaka 1512 alimwandikia Kaizari barua akipendekeza apewe wasaidizi wachache chini yake, huku yeye mwenyewe akivipitia na kuvikamilisha vibao vyote ili ionekane kana kwamba vimechongwa na mkono mmoja. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia nyusi za mtu au manyoya ya kofia katika picha zilizotoka kwenye kisu chake, utaona mistari inayoanza minene na kumalizikia kwa ncha nyembamba mno, jambo ambalo mbao hailitoi kirahisi. Kumsifia Burgkmair peke yake kwa picha hizo ni kumdhulumu de Negker.

7. Kiaroskuro ni nini, na ni nani aliyeanzisha?

Ni chapa inayotumia vibao viwili au zaidi kwa picha moja, kila kibao kikiwa na kiwango chake cha rangi, kuanzia iliyokolea hadi iliyofifia, huku sehemu za mwanga mkali zikiachwa karatasi tupu. Matokeo yake hufanana na mchoro uliofanywa kwa brashi.

Hadithi yake ni ya ushindani. Mwaka 1507 Lucas Cranach, mchoraji wa Mtawala Frederick wa Saxony, alitoa picha ya Mtakatifu George yenye dhahabu na fedha. Peutinger alipoiona, alitaka Augsburg isiachwe nyuma, na mwaka 1508 Burgkmair akatoa picha mbili za wapanda farasi, moja ya Mtakatifu George na moja ya Kaizari Maximilian akiwa katika deraya, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametwaa cheo cha Kaizari. Nakala nyingine zilipigwa kwa dhahabu au fedha juu ya ngozi au karatasi iliyopakwa rangi.

Katika picha hizo, hata hivyo, kibao cha mistari myeusi bado ndicho kinachobeba kazi, na ukiondoa rangi picha inabaki ikieleweka. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1510, katika picha ya wapenzi wanaovamiwa na Mauti. Mauti, kiunzi chenye mabawa, amemkalia kijana askari aliyeanguka na anampanua kinywa kwa mikono, na wakati huohuo ameuma vazi la mwanamke anayejaribu kukimbia. Nyuma yao kuna mfereji na mashua inayokumbusha Venice. Hapa hakuna kibao kinachotosheleza peke yake. Vibao vitatu vinategemeana, na ukiondoa kimoja umbo linavunjika. Picha ya sura ya Hans Baumgartner, aliyoichora Burgkmair mwaka 1512, ilifuata njia hiyohiyo kwa utulivu zaidi.

Mwaka 1516 Ugo da Carpi aliliomba baraza la Venice haki ya pekee ya ufundi wa namna hii akidai kuwa ameubuni. Tarehe zilizotajwa hapo juu zinatosha kumjibu.

8. Je, alijaribu ufundi mwingine wa chapa?

Mara moja tu. Karibu na mwaka 1520 alitengeneza picha ya Venus na Mercury kwenye bamba la chuma, kwa kuchora juu ya nta na kuiacha tindikali iitafune mistari. Ufundi huo ulikuwa ukitumika Augsburg katika mapambo ya deraya, na Daniel Hopfer wa mjini humo ndiye aliyeuhamishia kwenye karatasi. Burgkmair hakuurudia.

## Picha za mwaka 1508 na pwani ya Afrika Mashariki

9. Mfululizo wa mwaka 1508 unahusu nini?

Machi 1505 merikebu za Ureno chini ya Francisco de Almeida ziliondoka Lisbon kuelekea Bahari ya Hindi. Wafanyabiashara wa Ujerumani na Italia walikuwa wameweka mtaji katika safari hiyo, na Welser walikuwa miongoni mwa wakubwa wao. Mmoja wa mawakala wao melini alikuwa Balthasar Springer, mtu wa Vils katika Tyrol. Julai merikebu ziliishambulia na kuiteka Kilwa, Sultani Ibrahim akakimbia, na Wareno wakaanza kujenga ngome. Agosti zamu ilikuwa ya Mombasa, ambayo ilichomwa na kuporwa. Malindi haikuguswa, kwa kuwa mtawala wake alikuwa na urafiki na Wareno. Kisha merikebu zikavuka kwenda Bara Hindi.

Springer alirudi Ulaya mwaka 1506 akiwa na maelezo, na kwa njia ya Welser na Peutinger maelezo hayo yakamfikia Burgkmair. Matokeo yake ni mkanda wa picha za mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, wenye urefu wa takriban mita 2, wa kutundikwa ukutani. Unaanza na familia ya Guinea, unafuata na watu wa Allago, yaani Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, halafu kipande kilichoandikwa Arabia, halafu India Kuu, na mwisho mfalme wa Cochin akibebwa kitini huku wapiga muziki wakimtangulia. Mkanda huo ulipendwa kiasi cha kuigwa: Georg Glockendon wa Nürnberg alitoa nakala zake mwaka 1509 na tena 1511.

10. Je, Burgkmair mwenyewe alifika Afrika?

Hapana. Alifanya kazi kwa kutumia maelezo ya Springer, na yamkini pia michoro au vitu vilivyoletwa na wasafiri.

11. Je, Waswahili wamo katika picha hizo?

Hakuna kipande chenye jina la Kilwa, Mombasa wala Malindi. Kwa mpangilio wa safari, kipande cha Arabia ndicho kinachokaa mahali ambapo pwani yetu ingepaswa kukaa, kati ya kusini mwa Afrika na Bara Hindi, na watu wake wamevaa nguo, tofauti na wale wa Guinea. Zaidi ya hapo mtazamaji wa Augsburg hakuambiwa lolote.

Ukimya huo haukutokana na kutojua. Hans Mayr, mwandishi wa meli ya São Rafael katika safari hiyohiyo, aliandika habari za nyumba za mawe na chokaa zenye ghorofa, na akataja vitambaa vya hariri na dhahabu vilivyoporwa Mombasa, likiwemo zulia moja zuri kiasi cha kupelekwa kwa mfalme wa Ureno. Kwa maana hiyo habari za miji ya mawe zilikuwepo melini. Kilichochaguliwa kuonyeshwa ni familia zilizosimama uwanjani bila nyumba nyuma yake, na katika mkanda mzima hakuna moshi wala upanga wa Mreno. Msomaji wa leo anayetafuta sura ya Kilwa ya mwaka 1505 katika mkanda huu hataipata. Ataikaribia zaidi akisoma maandishi ya Mayr, au akienda kuyatazama magofu ya Husuni Kubwa na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani.

12. Kama ni hivyo, kwa nini wasomi wanausifu mkanda huu?

Kwa sababu ya yale yaliyokuwa kabla yake. Kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichotolewa Nürnberg mwaka 1493 bado kilionyesha watu wa nchi za mbali wakiwa na vichwa vya mbwa, au hawana vichwa na nyuso zao ziko kifuani. Miaka 15 baadaye Burgkmair aliwachora watu wenye viungo kamili, baba, mama na watoto, kila jamii na mavazi yake. Wakhoikhoi wake wamejitanda ngozi za wanyama na kuvaa viatu vya ngozi, na mama amembeba mtoto.

Hata hivyo sifa isizidi kiasi. Namna miili ile inavyosimama, uzito kwenye mguu mmoja na nyonga ikiwa imetoka upande, ni ya sanamu za kale za Kirumi kama zilivyofundishwa Italia. Burgkmair aliwaheshimu kwa kuwapa miili aliyoiona kuwa bora, na kwa kufanya hivyo akawavisha miili isiyo yao.

13. Je, aliendelea kuwa makini hivyo katika kazi za baadaye?

La. Miaka kumi hivi baadaye, katika Msafara wa Ushindi wa Kaizari (swali la 14), alichora kundi lililoitwa watu wa Calicut. Calicut iko Bara Hindi, na kweli yupo tembo. Lakini nyuma yake wanafuata watu waliovaa manyoya ya ndege kama Watupinamba wa Brazil, na kati yao wapo wanaobeba mahindi, zao la Amerika. Vilevile iko michoro yake miwili katika Makumbusho ya Uingereza, London, ya kijana Mweusi aliyevishwa manyoya na kupewa silaha za Amerika. Vitu vimechorwa kwa uangalifu mkubwa, ila vimewekwa kwa mtu asiyehusika navyo. Yaelekea alikuwa na vitu hivyo mbele ya macho, na wenyewe hakuwa nao.

## Kazi za Kaizari

14. Burgkmair alimfanyia Kaizari Maximilian kazi zipi?

Maximilian hakuwa na fedha za kujenga majengo makubwa, akaamua kujijengea kumbukumbu ya karatasi. Burgkmair alichora nasaba ya wahenga wa Kaizari. Alichora 13 kati ya picha 118 za Theuerdank, utenzi wa visa vya Kaizari uliochapwa mwaka 1517. Alichora 118 kati ya picha 251 za Weisskunig, riwaya ya maisha yake. Na takriban nusu ya Msafara wa Ushindi, mkanda wa vibao zaidi ya 130 unaoonyesha maandamano ambayo hayakuwahi kufanyika popote isipokuwa kwenye karatasi.

Katika Weisskunig kuna picha moja inayostahili kutazamwa polepole. Mfalme kijana amesimama nyuma ya bega la mchoraji anayefanya kazi, akimwelekeza. Burgkmair alijua jinsi hali hiyo ilivyo, kwa maana Maximilian alikuwa akisahihisha picha moja baada ya nyingine, na pengine ndiyo maana hakuna kilichokuwa kikimalizika.

15. Kwa nini nyingi ya kazi hizo zilichelewa kutoka?

Kaizari alifariki Januari 1519, na fedha zikafa naye. Msafara ulichapwa mwaka 1526 kwa amri ya mjukuu wake, Ferdinand, ukiwa haujakamilika. Weisskunig haikutoka hadi mwaka 1775, miaka 244 baada ya kifo cha Burgkmair.

## Maswali ya wanaotaka kwenda mbali zaidi

16. Je, ni kweli kwamba Burgkmair naye alichora kifaru cha mwaka 1515?

Ni kweli. Kifaru huyo alikuwa zawadi ya Sultani Muzaffar wa Gujarat kwa Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno huko Bara Hindi, na alifika Lisbon Mei 1515. Alikuwa wa aina ya Kihindi, mwenye pembe moja, tofauti na vifaru wa Afrika wenye pembe mbili. Albrecht Dürer wa Nürnberg na Burgkmair walimchora mwaka huohuo, na hakuna kati yao aliyemwona.

Picha ya Dürer ilienea dunia nzima, ikiwa na ngozi iliyopangwa kama vyuma vya deraya na kipembe cha ziada mgongoni ambacho kifaru hana. Ya Burgkmair ina mnyama mwenye ngozi iliyokunjamana na miguu ya mbele iliyofungwa kamba, yaani mfungwa. Ni ya kweli zaidi, na imebaki nakala moja tu, katika jumba la Albertina mjini Vienna. Mnyama mwenyewe alizama na meli pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, akipelekwa kwa Papa.

17. Kwa nini basi Dürer anajulikana zaidi?

Dürer aliuza picha zake mwenyewe, akazitia alama ya herufi zake na kuitetea alama hiyo. Burgkmair alifanya kazi nyingi kwa maagizo ya wengine, nyingine zikafungiwa kabatini kwa karne mbili (swali la 15). Kwa nguvu ya mstari Dürer hana mpinzani. Kwa rangi, mwaka 1510, Burgkmair alikuwa mbele yake.

18. Je, vibao vyenyewe bado vipo, na je, nakala zilizopigwa karne za baadaye ni halisi?

Vibao vya Msafara vingi viko Albertina, na nyuma ya baadhi yake kuna majina ya wachongaji na tarehe za kati ya mwaka 1516 na 1518, ushahidi mzuri wa yaliyosemwa katika swali la 6. Vilichapwa tena mwaka 1796.

Nakala ya namna hiyo imetoka kwenye kibao halisi, lakini si ya uhai wa msanii, na bei yake hutofautiana sana na ile ya mwanzo. Dalili ni rahisi kuzitafuta: mistari ya mpaka iliyokatika, ncha nyembamba zilizomeguka, na vidoa vyeupe vya duara katikati ya weusi, ambavyo ni matundu ya wadudu waliokula mbao. Angalia pia tarehe iliyochongwa, ingawa nayo hudanganya: kibao cha Kaizari akiwa juu ya farasi, cha mwaka 1508, kilibadilishwa baadaye kisomeke 1518, na mtu asiyejua huhesabu picha mbili mahali ambapo ipo moja.